Miaka Kumi na Moja Bila Kitoweo

Kila nikienda kuchomwa sindano yangu, hakosi mwanamke wa kuniuliza, "Bibi, na weye miguu?" Basi tunaanza. Atanieleza yake, nitamweleza yangu, na kabla hatujafika mbali jina lake linaitwa, anainuka na kanga inaburura chini, na hadithi inakatika pale pale ilipokolea. Nimechoka kuikata. Nimeamua kuiandika yote, ili mtu aliyekaa kwenye lile benchi, soli za miguu zinamwaka moto, apate cha kusoma wakati anasubiri. Mimi si daktari, na mambo ya chembe na mishipa sitayagusa. Nitasema yaliyonipata, pamoja na yale ya aibu.

Naitwa Mize, na watu wa Ole huniita Bi Mize. Kazi yangu ni ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kwa majani ya ukindu, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Alinifundisha mama kabla sijang'oka meno ya utoto. Msukaji wa kweli haangalii mikono yake. Anazungumza, anacheka, anamgombeza mtoto uani, na vidole vinaendelea wenyewe. Mikeka yangu ilikuwa inaagizwa mpaka Mkoani. Najisifu? Ndiyo, najisifu, na mama angekuwepo angejisifu zaidi.

Mama nimemkumbuka sana katika maradhi haya. Jioni za msimu wa karafuu tulikuwa tunakaa chini nyumba nzima, gunia limemwagwa katikati, tunachambua karafuu na kutoa vikonyo. Mikono yote ilikuwa inanuka karafuu, hata ukilala ukiweka kiganja chini ya shavu unaisikia. Mama alikuwa anachoma vibua kwa makumbi ya nazi, na hakuna aliyeosha mikono sawasawa, tunakula samaki mwenye harufu ya karafuu. Sijala kitu kitamu kama kile, na siku hizi nikikieleza wajukuu wa jirani wananitazama kama nawadanganya.

Maradhi yalianza kipupwe, karafuu za mwanzo ndiyo kwanza zinatiwa kwenye mikeka ya kuanikia. Vidole vya miguu vikafa ganzi. Nikasema baridi. Nikavaa soksi kuukuu za mume wangu, Faki, naye akanicheka. Siku moja nilikwenda kwa jirani kuomba majani ya muhogo, na narudi zangu nikasikia naitwa nyuma, "Bi Mize! Bi Mize wee! Kiatu hiki umekisusa?" Nilikuwa natembea na kandambili moja. Nyingine nimeiacha njiani hatua hamsini nyuma, na mguu haukuniambia. Tulicheka, jirani akashika mbavu. Nilipofika nyumbani nilikaa kizingitini nikautazama ule mguu kwa muda mrefu, nikaubonyeza, nikaufinya kwa kucha. Niliogopa.

Baada ya hapo ukaja ulimi. Ukawa mwekundu, laini, hauna vile vikwaruzo vya ulimi wa mtu. Chai ya moto inauchoma, pilipili ndiyo usiseme. Ngozi ikageuka rangi, manjano manjano. Faki akanitania, "Mama Zuwena, uzee ndiyo unaanza kujichubua? Unataka kuniacha?" Huyo ndiye Faki, mkulima wa mikarafuu, mtu wa maneno matamu na asiyekasirika. Zuwena ni binti yetu, mtoto tuliyebarikiwa huyo mmoja tu. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini, ameshaposwa, na harusi ilikuwa inasubiri karafuu ziuzwe.

Vidole vya mikono vilifuata. Zuwena ndiye aliyeona. Alichukua ukili wangu, akaupitisha mkononi kidogo kidogo, akasema, "Mama, hapa umeruka. Na hapa." Nikamfokea kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kusuka, asinifundishe. Akaurudisha ukili mapajani mwangu. Alipotoka nikaupitisha mwenyewe na sikusikia kitu, si pale paliporuka wala pasiporuka. Ilinibidi nitazame kwa macho. Nilitazama nikaona kweli, umepinda kama kazi ya mtoto wa chuoni.

Wiki ile ile nilifunua chungu jikoni, nikasikia harufu ya kuungua. Nikasema mtume, muhogo wangu! Kumbe muhogo mzima, kinachoungua ni kidole changu. Kilikuwa kimelala juu ya ukingo wa chungu muda wote huo.

Jirani wakasema upepo, nimepitiwa na shetani. Nikasomewa, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, na sijutii, maneno ya Mungu hayamdhuru mtu. Kituo cha afya wakanipima damu, wakasema damu ni pungufu, wakanipa vidonge vya kuiongeza. Nilivimeza kwa utiifu. Uso ukachangamka kidogo, ila miguu ikazidi. Nilikuwa natembea kama ninayekanyaga pamba. Nikawa msahaulifu pia, nasimama katika swala nisijue ni rakaa ya pili au ya tatu, halafu nageuka mkali kwa kila mtu bila sababu. Faki alianza kukaa sana barazani kwa watu. Najua alikuwa ananikimbia.

Kilichotupeleka spitali Chake ni udhu. Nilikuwa natawadha kwa ajili ya alasiri, nimesimama, nikajipiga maji usoni na kufumba macho. Basi, kufumba tu, dunia ikaniponyoka. Nilianguka ubavu mzima kwenye ndoo. Jirani mmoja mwenye gari akatuchukua asubuhi yake, Faki mbele, mimi na Zuwena nyuma.

Watu husimulia maradhi wakasahau kusimulia mabenchi. Mimi yale mabenchi nayajua kwa majina. Lipo la karibu na mlango, lenye upepo, ambalo wanaamka alfajiri kuliwahi. Lipo la ukutani, ukikaa mgongo unapoa. Siku ile ya kwanza sikuwa na nguvu ya kushindania benchi, nikasimama nimeshika ukuta, na mama mmoja mjamzito, tumbo limefika kooni, akainuka akaniambia, "Kaa, bibi, miye nikikaa nashindwa kuinuka." Alikuwa anasema uongo. Namwombea dua mpaka leo, na jina lake sikulijua.

Daktari alikuwa binti mdogo, miwani, sauti ya chini. Alinigonga magoti, akanifumbisha macho na kunishika nisianguke, akanichoma kwa ncha ya kalamu kwenye vidole na kuniuliza, "Unasikia?" Nikamwambia, "Unafanya nini?" Aliutazama ulimi wangu akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu maradhi yaanze.

"Mama, unakula nini?"

"Kila kitu, alhamdulillah."

Zuwena akadakia, "Mama hali samaki, daktari."

"Nyama?"

"Nyama pia hali."

"Mayai? Maziwa?"

Zuwena akanigeukia. Nadhani ndiyo kwanza anajiuliza. Nikasema, "Tumbo langu halivitaki, mwanangu. Uzee." Daktari akasema ipo vitamini moja ambayo mishipa ya miguu na mikono haiwezi kuishi bila yake, na inatoka kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. "Kwenye muhogo hamna, mama. Kwenye mchicha hamna, hata ukila shamba zima." Akatoa damu ipelekwe Unguja kupimwa, na jibu likarudi baada ya wiki mbili kwamba ile vitamini mwilini mwangu imekwisha kabisa. Akaniambia pia jambo ambalo sikulipenda, kwamba mishipa ikikaa muda mrefu bila hiyo vitamini, kuna inayorudi na kuna isiyorudi, na kila siku ina thamani.

Sasa hapa lazima nirudi nyuma, maana tumbo langu halikuwa na kosa lolote.

Zuwena alipokuwa na miaka tisa aliugua homa kali ya kukakamaa. Spitali walimtibu, homa ikashuka, lakini mtoto hakuinuka. Alilala akitazama dari, hali, hasemi. Mtoto wetu mmoja tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikampeleka Wesha kwa Bi Chumu, bibi aliyekuwa anatibu watoto, mtu wa Mungu, mpole, hakuwa mwenye makuu. Akamshika mtoto kichwa, akasoma, akampa mafusho. Halafu akanigeukia mimi. "Atainuka, inshallah. Lakini weye mama utamsaidia kwa mwiko. Usile kitoweo chochote, cha pwani wala cha bara. Usile yai, usile maziwa, samli usiiguse. Na usimwambie mtu, mwiko ukitangazwa haufai. Karafuu zikisha, njoo nikufungue."

Siku ya nne Zuwena aliinuka akaomba uji.

Karafuu zilikuwa bado ziko juu ya miti Bi Chumu alipofariki. Nilikwenda msibani Wesha, nikakaa na wanawake wenzangu, nikalia. Wakadhani namlilia marehemu, na nilimlilia, lakini nusu ya machozi yale ilikuwa yangu. Nani atanifungua? Aliyefunga ndiye afunguaye, ndivyo tulivyolelewa. Kwenda kwa mganga mwingine ni kuutangaza. Kujifungua mwenyewe ni kumchezea mtoto. Na mtoto ndiyo huyo, anaruka kamba uani, mzima kama ngoma. Nikasema, potelea mbali, samaki ni kitu gani?

Nilimwambia Faki kwamba harufu ya samaki inanichefua. Maskini, akadhani nina mimba. Alitembea kijiji kizima na kifua mbele kwa miezi mitatu.

Miaka kumi na moja nimepika samaki nyumba ile bila kuonja chumvi. "Zuwena, njoo nionjee." Miaka kumi na moja nala muhogo, majimbi, kunde, mchicha, wali kwa nazi. Mara nyingine tasi wa kupaka anaiva, mafuta yanalia motoni, naondoka jikoni naenda kukaa kwenye miti kwa sababu namkumbuka mama na mate yananijaa mdomoni. Wala sikunyong'onyea, ndiyo maana nilijiona nimeweza. Nilikuwa mnene.

Basi, sindano zikaanza, siku moja ndani siku moja nje, leo nachomwa kesho napumzika. Dawa yenyewe nyekundu, nyekundu kama juisi ya choya. Ya kwanza nikachomwa, ya pili nikachomwa. Siku ya pili ile nikamuuliza muuguzi, "Mwanangu, hii imetengenezwa kwa nini?" Alikuwa na watu wengi, akanijibu kwa haraka, "Ndiyo ile vitamini ya nyama na samaki, bibi, unatiwa moja kwa moja."

Nilirudi nyumbani na moyo mzito. Kitoweo cha miaka kumi na moja nimetiwa kwa sindano! Na kama niliyetegwa, nafika nyumbani namkuta Zuwena amejifunika gubigubi, homa. Mafua tu, msimu wenyewe wa mafua, nusu ya kijiji inapiga chafya. Lakini nilimtazama akilala uso umeelekea dari, nikarudi nyuma miaka kumi na moja. Nikaapa kimoyomoyo kwamba hainigusi tena hiyo sindano.

Ninayoyaandika sasa ndiyo ya aibu. Sikumwambia mtu kwamba nimeacha. Kila siku ya sindano Faki alinipeleka Chake, akaniacha mlangoni, yeye akaenda sokoni. Mimi nikaingia nikakaa kwenye benchi la ukutani. Jina langu likaitwa, nikakaa kimya. Likaitwa tena. Wanawake wakatazamana, na mimi nikatazamana nao, kama vile namtafuta huyo Mize ni nani. Baadaye nilitoka, nikamkuta Faki kwenye mti wa nje na mkoba wa ndizi, akaniuliza, "Imeuma?" Nikamjibu, "Kidogo." Nilifanya hivyo wiki tatu. Miguu ikawa mizito mpaka nikitaka kuvuka kizingiti naiinua kwa mkono, na huo mkono nao hausikii umeshika nini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na simu. Muuguzi aliona kadi yangu haina alama, akampigia Faki kumuuliza kama mgonjwa bado yu hai.

Faki aliingia ukumbini na simu mkononi. Niliwaambia kwamba si mtu wa hasira. Siku ile zilimpanda. "Mize," akasema, jina tupu, hakuniita hivyo tangu tuoane. "Nimekupeleka pale mara kumi. Mara kumi nimekuuliza imeuma, umenambia kidogo. Unataka kufa? Nambie kama unataka kufa, nijue." Halafu akaketi chini akalia, mtu mzima yule, na kofia ikamwanguka.

Zuwena alikuwa mlangoni. Nikaona hakuna pa kukimbilia, na hata pangekuwepo, miguu ya kukimbilia iko wapi? Nikayasema yote. Bi Chumu, mwiko, karafuu, msiba, homa ya juzi. Nilikuwa nasema huku namtazama Zuwena nione kama ataanguka.

Hakuanguka. Alikasirika. "Yaani miaka yote hii ukinambia nionje chumvi, ndiyo hivyo? Miye nala samaki, weye unakaa kwenye miti? Nani alikutuma, mama? Nani alikutuma?" Nikamwambia hakuna aliyenituma, mwanangu, ulikuwa unatazama dari. Akanijia akaniinamia magotini, akanishika ile mikono isiyosikia akaibana kwa nguvu zake zote. Nilijua ameibana kwa sababu niliona vidole vyangu vikigeuka vyeupe.

Asubuhi yake tukaenda Wesha wote watatu. Bi Chumu aliacha binti mmoja, Bi Salama, makamo yangu, ambaye anakaanga samaki karibu na bandari na kuwauzia wachukuzi wa mizigo. Tulimkuta mbele ya karai, moshi machoni. Faki akaanza kwa heshima, hujambo na sijambo, habari za watu, habari za kazi, mpaka nikamfinya. Nikaeleza mwenyewe. Bi Salama alisikiliza, mwiko wa kupikia mkononi, samaki wakaanza kuungua na hakuwageuza.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mama alikwambia karafuu zikisha?"

"Ndiyo."

"Basi si zilikwisha! Mama hakumfunga mtu kupita msimu hata siku moja. Alikuwa anasema mzazi wa mgonjwa mpe kazi ya kufanya, la sivyo atapata wazimu. Ndiyo ilikuwa kazi yako, miezi mitatu. Miaka kumi na moja? Subhanallah! Angekuwa hai angekuchapa."

Nikamwambia hata hivyo sijafunguliwa. Naogopa. Kwa mdomo naelewa, kwa moyo naogopa.

Akanitazama. Akaipua karai, akafuta mikono. "Miye si mganga, Bi Mize, miye nakaanga vibua. Lakini ni mwanawe, na madeni ya watu aliyoyaacha nimeyalipa yote, hili ndilo lililobaki." Akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye harufu ya mafuta, akasoma Fatiha, na sisi tukasema amina. "Kwa niaba ya mama yangu nakufungua. Kula."

Akaniwekea kibua kwenye sahani ya bati. Sikuweza. Nilikaa na tonge mkononi namtazama Zuwena. Ndipo Zuwena akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akamega upande wake wa samaki yule yule. "Tule pamoja," akasema. "Nikifa tutajua." "Astaghfirullah, kinywa hicho!" nikamwambia, na huku nacheka na kulia, nikala.

Sitaki kudanganya kwamba nilisikia ladha ya ajabu. Ulimi ulikuwa mbovu, uliwaka kwa chumvi. Lakini nilikila chote, mpaka kichwa, na Faki akaagiza kingine.

Sindano zikaanza upya. Siku moja ndani siku moja nje kwa wiki kadhaa, kisha kila wiki, kisha kila mwezi. Muuguzi yule aliponiona alisema, "Bibi, leo jina lako unalijua?" Nilistahili. Vuli ilipita na sindano za wiki, na mwezi wa Ramadhani ukanikuta nachomwa baada ya futari kwa muuguzi jirani yetu, aliyejitolea nisihangaike na swaumu. Wema kama huo sikuutafuta, ulikuja wenyewe mpaka mlangoni.

Hakuna aliyenionya kwamba kurudi kunauma kuliko kuondoka. Miguu ilipoamka iliamka na hasira. Iliwaka, ikachoma, kama nimesimama juu ya siafu. Nililia nikimwambia daktari afadhali ganzi. Akacheka, akasema hayo maumivu ndiyo habari njema. Ukiyapata, usiache dawa, ndiyo njia yake. Ulimi ulipona kwanza. Kisha nikawa nahesabu rakaa zangu bila kukosea. Masika nilikwenda mpaka kwa jirani na fimbo, viatu viwili nimevaa na viwili nimerudi navyo.

Mikono ilichelewa. Zuwena aliolewa kabla haijarudi. Nilikaa harusini nimefukizwa udi, nimevaa asumini, nimependeza, lakini mkeka wa bi harusi ulisukwa na mtu mwingine, na mama wa Ole aliyezaliwa kwenye ukili akakaa juu ya kazi ya mkono wa jirani. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nyumbani nilikuwa sipewi chungu, sipewi birika, sipewi kisu. Faki ndiye aliyenimiminia chai. Wote walifanya kwa mapenzi, na mimi nilikuwa najihisi kama mgeni ambaye haondoki.

Zuwena aliposhika mimba alikula samaki kwa wiki nzima bila mapumziko, na mayai juu, na kliniki alikwenda bila kusukumwa. Akaja kwetu kujifungua, kama desturi ya mimba ya kwanza. Akazaa mtoto wa kike. Kwetu arubaini ya mzazi ina kazi zake, na kuogesha mtoto ni kazi ya bibi. Bibi ndiye anayekaa na miguu ameinyoosha, mtoto juu ya mapaja, beseni la maji ya moto pembeni, anamkanda, anamnyoosha. Mama alimwogesha Zuwena hivyo. Miaka yote niliingojea zamu yangu.

Siku ya kwanza nilichanganya maji, nikatia mkono, nikasema yako sawa. Zuwena akateremka kitandani, hajapona vizuri, akaja kutia kiwiko chake. "Ongeza baridi, mama." Siku ya pili vile vile. Hakusema neno la kuniumiza, alitia kiwiko tu, kila siku, na mimi nilikuwa nageuza uso upande. Kidole changu kina kovu la chungu mpaka leo. Ningekuwa yeye nami ningetia kiwiko.

Tulikwenda hivyo wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nimeshaizoea ile aibu, hata nikawa nasogeza beseni ili asiiname sana. Asubuhi moja, mvua inanyesha, Zuwena amemshika mtoto mikononi anasubiri, nikaingiza mkono ndani ya maji na kuutoa kwa nguvu.

"Ai! Ya moto haya!"

Zuwena alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa kanzu yake. Akasimama. "Vipi, mama?"

"Ya moto, mwanangu. Niongezee baridi."

Akamimina kata moja ya maji baridi. Nikatia mkono, nikasema bado. Akamimina nyingine. Nikatia mkono, nikaukoroga taratibu, nikasema sasa. Kisha akaushusha mkono wa kanzu yake, akaunyoosha mpaka kwenye kifundo, akainama akaniwekea mtoto mapajani.